Zahanati, wakunga na tiba ya meno katika Kenya ya ukoloni

Hospitali ya Kujifungulia ya Pumwani jijini Nairobi, ambako maelfu ya watoto huzaliwa kila mwaka, ilianza mnamo 1926 ikiwa nyumba ndogo ya uzazi kwa wanawake Waafrika. Zahanati nyingi za mashambani nazo chimbuko lake ni ushuru uliokusanywa na mabaraza ya wenyeji miaka hiyo hiyo. Tiba ya meno haikupata nyumba wala baraza la kuisimamia, na hadi leo ingali nyuma ya huduma nyingine za afya humu nchini.

Historia ya huduma hizi tatu, yaani zahanati, ukunga na tiba ya meno, inaonyesha jinsi afya ya umma ilivyojengwa Kenya kati ya miaka ya 1920 na uhuru wa 1963. Huduma hizo hazikuwa zawadi ya serikali ya Kiingereza peke yake. Pale wananchi walipopata njia ya kudai na kulipia huduma, zilienea. Pale ambapo hawakuwa na njia hiyo, zilibakia za wachache.

HOSPITALI KWA RANGI YA MTU

Kenya ilitangazwa kuwa koloni mnamo 1920, huku ukanda wa pwani ukibakia himaya iliyokodishwa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Tayari wakati huo matibabu yalikuwa yamegawanywa kwa misingi ya rangi. Jijini Nairobi, hospitali ya Waafrika ilikuwa imefunguliwa mnamo 1901 ikiwa na vitanda 40. Hospitali hiyo ilipewa jina la Mfalme George wa Sita mnamo 1952, na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Wazungu walikuwa na hospitali yao. Jengo jipya la Hospitali ya Wazungu lilifunguliwa Nairobi mnamo 1954, na ndilo lililokuja kuwa The Nairobi Hospital. Wahindi walitegemea zaidi michango ya jamii zao. Mjini Mombasa, Pandya Memorial ilianzishwa mnamo 1947 kwa kumbukumbu ya kiongozi wa Wahindi, J.B. Pandya, na mjini Nairobi Hospitali ya Aga Khan ilifunguliwa mnamo 1958. Wazungu wa Mombasa walitibiwa katika Hospitali ya Katharine Bibby, ambayo leo inaitwa Mombasa Hospital.

Ili kuelewa uzito wa mgawanyo huo, ni vyema kukumbuka hesabu ya watu ya mwaka wa 1948. Koloni lilikuwa na watu wapatao milioni 5.4. Kati yao Wazungu walikuwa takriban 30,000 tu, na Wahindi pamoja na Wagoa hawakufika 100,000. Waliosalia, isipokuwa Waarabu wachache wa pwani, walikuwa Waafrika, na wengi wao waliishi mbali na hospitali yoyote.

MABARAZA YA WENYEJI

Kwa mwananchi wa mashambani, matibabu ya kizungu yalianza kuonekana kupitia wamishonari. Hospitali za misheni za Kikuyu, Tumutumu, Maseno, Kaimosi na Kaloleni zilikuwa na majina makubwa, na mnamo 1922 Dkt A.C. Irvine wa misheni ya Scotland alianzisha kituo cha Chogoria, chini ya Mlima Kenya. Hata hivyo, misheni hazingeweza kufika kila mahali, na zilipofika zilikuwa na masharti yake ya kidini.

Mabadiliko makubwa yalitokana na sheria ya mwaka wa 1924 iliyoruhusu kuundwa kwa Mabaraza ya Wenyeji katika kila wilaya. Mkuu wa wilaya, au DC, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na machifu wengi waliketi humo kwa kuteuliwa. Kwa hivyo hayakuwa mabaraza huru. Lakini yalikuwa na mamlaka moja muhimu: kutoza ushuru wa wilaya juu ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa iliyokwenda kwa serikali kuu, na kuamua utumike vipi.

Mambo mawili yalitawala mijadala ya mabaraza hayo, nayo ni shule na zahanati. Wazee waliopinga ushuru mpya wa barabara walikubali kwa urahisi zaidi ushuru wa kujenga nyumba ya dawa. Baadhi ya zahanati za kwanza zilikuwa za udongo na nyasi, na nyingine za mabati, zikiwa na chumba cha kutibia na ghala dogo la dawa.

Hamu hiyo ilichochewa na sindano. Katika miaka ya 1920, ugonjwa wa buba, ulioacha vidonda vibaya mwilini na kulemaza viungo, ulitibiwa kwa sindano chache tu na vidonda vikakauka machoni pa watu. Habari zilienea kutoka soko hadi soko. Watu waliokuwa wakiwakwepa madaktari wa serikali, wakiwahusisha na kodi na kuandikishwa kazi, walianza kutembea kwa siku nzima kutafuta sindano. Tangu hapo, mgonjwa aliyepewa tembe bila kudungwa alihisi kwamba hakutibiwa.

DRESA NA KAZI YAKE

Aliyesimamia zahanati hakuwa daktari. Alikuwa Mwafrika aliyeitwa dresa, kutokana na kazi yake ya kwanza ya kuosha na kufunga vidonda. Wengi walijifunza kazi wakiwa kando ya vitanda vya wagonjwa katika hospitali za wilaya au za misheni. Mafunzo rasmi zaidi yalipata makao mnamo 1927, kulipoanzishwa shule ya mafunzo ya matibabu jijini Nairobi, ambayo leo ni Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC.

Dawa zake hazikuwa nyingi. Palikuwa na kwinini ya malaria, chumvi ya haluli ya kusafisha tumbo, iodini, dawa za minyoo na safura, bendeji, na pombe ya kusafishia ngozi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dawa za salfa na penisilini zilienea, na magonjwa ambayo zamani yalikuwa hukumu ya kifo, kama nimonia, yakawa ya kutibika. Vita hivyo vilileta pia wahudumu wengi zaidi, kwani Waafrika waliofanya kazi katika vikosi vya matibabu vya jeshi walirudi nyumbani wakiwa na ujuzi.

Dresa alikuwa mtu wa heshima kijijini, sawa na mwalimu na karani. Lakini alifanya kazi ya daktari kwa mshahara mdogo. Njia ya kuwa daktari kamili ilikuwa nyembamba mno. Kenya yenyewe haikuwa na shule ya udaktari hadi 1967, na kabla ya hapo vijana wachache waliobahatika walikwenda Makerere nchini Uganda na kujifunza katika Hospitali ya Mulago.

Mnamo 1950 Mabaraza ya Wenyeji yaligeuzwa kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, yenye mamlaka zaidi. Katika mwongo huo ndipo wazo la kituo cha afya liliposhika mizizi. Kituo kilikusudiwa kusimamia zahanati kadhaa na kuunganisha kazi tatu chini ya paa moja: kutibu wagonjwa, kuwahudumia kina mama na watoto, na kuzuia magonjwa kwa maji safi na vyoo. Dkt N.R.E. Fendall, aliyeongoza idara ya matibabu wakati nchi ikijinyakulia uhuru, alikuwa mtetezi mkuu wa mpango huo. Alishikilia kwamba nchi maskini haiwezi kungoja madaktari watoshe, bali iwaandae vyema wahudumu wa ngazi za chini.

WAKUNGA WA JADI NA WAKUNGA WA HOSPITALI

Waswahili husema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hiyo inadokeza hadhi ya mkunga kabla ya hospitali kuja. Karibu kila jamii ilikuwa na wanawake wazima waliojulikana kwa kazi hiyo. Waluo humwita nyamrerwa. Mkunga hakuzalisha tu. Alijua dawa za mitishamba, alimkanda mzazi, alisimamia miiko ya chakula na kuzikwa kwa kondo la nyuma, na kwa Waswahili wa pwani alifuatilia hali ya mama katika siku 40 za baada ya kujifungua.

Uzazi mwingi ulikwenda salama mikononi mwake. Hatari ilikuja mtoto alipokaa vibaya tumboni, damu ilipokataa kukoma, au mama alipopatwa na kifafa cha mimba. Aidha, kitovu kilichokatwa kwa kifaa kisicho safi kilimletea mtoto pepopunda, ugonjwa uliowaua wachanga wengi siku chache tu baada ya kuzaliwa.

Serikali ya kikoloni ilianza kujali suala hilo katika miaka ya 1920, na si kwa huruma pekee. Maafisa walihofia kwamba idadi ya Waafrika ilikuwa ikipungua baada ya njaa, homa ya mafua ya 1918 na vifo vya wapagazi katika Vita vya Kwanza. Walowezi walihitaji vibarua, na serikali ilihitaji walipa kodi.

Hapo ndipo Lady Joan Grigg, mkewe Gavana Edward Grigg, alipoanzisha chama cha kuchangisha pesa za huduma za uzazi. Nyumba za uzazi zilizobeba jina lake zilijengwa Pumwani kwa Waafrika, Ngara kwa Wahindi, na nyingine mjini Mombasa. Hata katika kujifungua, basi, wanawake walitenganishwa kwa rangi. Mjini Mombasa jina la Lady Grigg lilibakia kwenye wodi ya uzazi miaka mingi baada ya uhuru.

Pumwani ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo mitaa ambayo Waafrika waliruhusiwa kuishi mjini. Nyumba hiyo ilikuwa na kazi mbili tangu mwanzo: kuzalisha na kufundisha. Wasichana Waafrika walijifunza humo kuosha mikono na vyombo, kupima mimba, kutambua uchungu uliokwama, na kumwita daktari mapema. Katika miaka ya 1940 nyumba hiyo iliingia mikononi mwa baraza la mji wa Nairobi.

Kuwapata wanafunzi hakukuwa rahisi. Wasichana waliosoma walikuwa wachache, na wazazi hawakupenda binti ambaye hajazaa aone siri za uzazi. Kwa desturi nyingi, mkunga alikuwa mwanamke aliyezaa mwenyewe, tena mwenye umri. Msichana wa miaka 18 aliyevaa kofia nyeupe alionekana kama mtoto anayetaka kuwafunza wakubwa wake. Ndiyo sababu baadhi ya hospitali za wilaya na misheni ziliona heri kuwapa mafunzo mafupi wanawake wazima.

TOHARA NA KUTOAMINIANA

Jambo jingine lililotatiza kazi hiyo ni mzozo wa tohara ya wanawake. Mnamo 1929 misheni za Kiprotestanti katika Mkoa wa Kati, zikiongozwa na Dkt John Arthur wa Kikuyu, ziliwataka waumini waape kuachana na desturi hiyo. Madaktari walitaja makovu yanayozuia njia ya uzazi na kuhatarisha maisha ya mama na mtoto. Hoja yao ya kitabibu ilikuwa na msingi, na leo tohara hiyo ni kosa la jinai nchini Kenya kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2011.

Lakini amri ilitolewa na wageni ambao jamaa zao walikuwa wametwaa ardhi, na Wakikuyu wengi waliiona kama njama ya kuvunja kabila. Maelfu walihama makanisa ya misheni na kuanzisha makanisa na shule huru. Mwili wa mwanamke ukawa uwanja wa siasa, na hospitali ya misheni, ambako mama alipaswa kujifungulia, ikaonekana na wengi kuwa upande wa adui.

Kilichorudisha imani polepole hakikuwa mahubiri. Kina mama waliona wenzao waliobebwa kwa machela wakiwa karibu kufa wakirudi nyumbani wakiwa hai, na mtoto mgongoni. Kufikia miaka ya 1950 malalamiko yalikuwa yamegeuka. Mabaraza mengi sasa hayakuuliza kwa nini wanawake wakatae hospitali, bali kwa nini wodi za uzazi zilikuwa chache na mbali. Sheria ya kuandikisha wauguzi na wakunga, iliyopitishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ilikuwa imeipa kazi hiyo hadhi ya taaluma.

MIAKA YA HALI YA HATARI

Huduma hizo zilikumbwa na msukosuko serikali ilipotangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952 ili kukabiliana na Mau Mau. Kuanzia 1954 zaidi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Msongamano, njaa na uchafu vilileta maradhi, na watoto wadogo ndio walioumia zaidi. Katika kambi ya wafungwa ya Manyani, homa ya matumbo ilizuka mwaka huo huo.

Serikali ilitumia afya kama chambo. Shirika la Msalaba Mwekundu liligawa maziwa, na vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, viliwafundisha kina mama usafi na malezi ya watoto. Wanawake waliojiunga na vyama hivyo walipata nafuu fulani katika kazi za lazima. Hivyo, kwa mama mwenye mtoto mgonjwa, kikombe cha maziwa kilikuja pamoja na swali la yuko upande gani.

MENO: HUDUMA ILIYOSAHAULIKA

Ikiwa mwanamke mjamzito alikuwa na zahanati na nyumba ya uzazi, mwenye jino bovu hakuwa na pa kwenda. Madaktari wa meno wa serikali walikuwa wachache mno na waliishi mijini, ambako kazi yao kubwa ilikuwa kuwatibu maafisa wa serikali na familia zao. Wengine walikuwa na kliniki za kibinafsi mijini, ambazo bei zake hazikuweza kulipwa na kibarua.

Mwafrika alijitegemea. Pwani na kaskazini, watu walisugua meno kwa mswaki wa mti uitwao kwa jina hilo hilo, na bara walitumia vijiti vya miti mbalimbali. Maumivu yalitulizwa kwa karafuu, chumvi au mizizi. Yalipozidi, mgonjwa alikwenda hospitali ya wilaya, ambako daktari wa kawaida, au msaidizi wake, aling'oa jino kwa koleo. Kuziba jino ili lising'olewe ni jambo ambalo mwanakijiji wa miaka hiyo hakulijua.

Palikuwepo pia wataalamu wa jadi. Waluo waling'oa meno sita ya chini, na Wamaasai na baadhi ya Wakalenjin waling'oa mawili. Ilikuwa alama ya kabila na ya utu uzima. Wazee hueleza kwamba pengo hilo pia lilisaidia kumlisha uji mgonjwa wa pepopunda ambaye taya zake zimefungamana. Elimu ya shule na dini mpya zilisababisha desturi hiyo ififie miongoni mwa vijana katikati ya karne.

Meno ya Wakenya yaliwavutia watafiti kuliko yalivyowavutia watoaji huduma. Mnamo 1931 John Boyd Orr na Dkt John Gilks walichapisha utafiti wao maarufu uliolinganisha lishe ya Wakikuyu, waliokula nafaka na mboga zaidi, na ya Wamaasai waliotegemea maziwa, nyama na damu. Mnamo 1935 daktari wa meno Mmarekani, Weston Price, alizuru Afrika Mashariki akichunguza vinywa vya watu. Alisema kwamba meno yalikuwa imara pale watu walipokula vyakula vya asili, na yalianza kuoza pale unga mweupe na sukari vilipoingia. Baadhi ya nadharia zake zimepingwa na wataalamu, lakini madhara ya sukari kwa meno hayana ubishi.

Kadiri miji, mashamba makubwa na maduka yalivyoenea, chai ya sukari ikawa kinywaji cha kila siku, na tatizo la meno likakua. Tatizo jingine lilitoka ardhini. Katika sehemu za Bonde la Ufa na Mkoa wa Kati, maji ya visima yana floridi nyingi inayoyatia meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Wengi wenye meno hayo wamekuwa wakidhaniwa kuwa wachafu, ilhali kosa ni la maji.

Kwa nini mabaraza yaliyojenga zahanati hayakujenga kliniki za meno? Sababu ni kadhaa. Jino halikuua haraka kama nimonia au uzazi mgumu. Vifaa vyake vilikuwa ghali, na hapakuwa na Mwafrika aliyefunzwa kuvitumia. Serikali nayo haikuona hasara yoyote katika maumivu hayo, kwani kibarua mwenye pengo aliendelea kufanya kazi. Mafunzo ya madaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Nairobi yalianza katika miaka ya 1970, nusu karne baada ya zahanati za kwanza za mabaraza.

URITHI BAADA YA UHURU

Baada ya uhuru, hospitali za serikali zilifunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mnamo 1965 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliondoa ada ya Sh5 iliyotozwa wagonjwa wasiolazwa. Vituo vikafurika. Mabaraza ya kaunti yaliyorithi zahanati za mashambani yalilemewa na gharama, na mnamo 1970 serikali kuu iliyapokonya jukumu hilo, isipokuwa katika miji mikubwa. Ndiyo maana Pumwani ilibakia chini ya baraza la jiji la Nairobi.

Ada zilirejeshwa mwishoni mwa 1989 chini ya mpango wa kugawana gharama, na kina mama wengi wakarudi kujifungulia nyumbani. Mnamo Juni 2013 serikali ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Mpango huo ulipanuliwa baadaye kwa jina la Linda Mama, kabla ya kuhamishiwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mnamo 2024.

Mwaka huo wa 2013 ndio pia ambapo zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zilikabidhiwa serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Wengi waliuona ugatuzi huo kama jambo jipya. Kwa hakika ulirudisha zahanati zilikoanzia, yaani mikononi mwa viongozi wa mashinani wanaopitisha bajeti mbele ya wakazi wanaowajua. Tofauti ni kwamba sasa wakazi hao huwachagua viongozi wenyewe, bila DC kuketi kwenye kiti cha mbele.

Mabaraza ya miaka ya 1920 yalijenga kile ambacho wananchi walikidai kwa sauti. Hayakujenga kile ambacho hakuna aliyekidai. Katika zahanati nyingi za mashambani leo kuna dawa ya malaria na chumba cha kujifungulia, lakini mwenye jino linalouma bado huambiwa aende mjini.